Maji Hufuata Mkondo

Maji hufuata mkondo. Methali hii ni fupi, na labda ufupi wake ndio unaotufanya tuipitie haraka. Mzee akimwona kijana anaanza kushika tabia za baba yake, huitamka. Mwenye duka akiona wateja wote wamehamia kwa jirani, huitamka. Wakati wa uchaguzi, mtu akihama chama ili awe upande wa wengi, utaisikia vijiweni ikisemwa kwa kutikisa kichwa. Katika matumizi hayo yote msemaji anataka kusema jambo moja: mambo yamekwisha kushika njia yake, hakuna wa kuyazuia.

Maana hiyo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya methali. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, inahusu chanzo cha nguvu ya jambo lililoshika kasi na dhamana ya nguvu hiyo. Wahenga hawakusema kwamba maji yana nguvu. Walisema yanafuata. Kinachofuatwa ni mkondo, na mkondo una historia, una kina, na mara nyingi una mtu aliyeuchimba.

Mkazi wa Mirongo, kata iliyo katikati ya jiji la Mwanza, anaweza kuisoma methali hii kwa macho yake. Mto Mirongo huteremka kutoka upande wa vilima, hupita maeneo kama Mabatini, hukatiza mjini na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kiangazi ni kijito cha kuvukwa bila wasiwasi. Mvua kubwa ikinyesha, kijito hicho hicho hufurika, hubeba mchanga, chupa, magogo na vyombo vya watu, na huingia majumbani bila kubisha hodi.

Mvua kubwa ziliwanyeshea hata mababu. Kilichobadilika zaidi ni ardhi inayozipokea. Mwanza ni jiji la miamba, na vilima vyake ni itale yenye udongo mwembamba juu yake. Tangu awali maji hayakuwa na mahali pengi pa kunywea. Kisha nyumba zikapanda vilimani, mapaa ya bati yakaongezeka, njia zikashindiliwa kwa miguu na magurudumu, miti ikakatwa. Jiji la Mwanza, yaani Nyamagana pamoja na Ilemela, sasa lina zaidi ya watu milioni moja kwa sensa ya 2022. Maji ambayo zamani yangezama taratibu yanateremka yote kwa pamoja, na huko chini yanakuta mto uliojazwa taka na kubanwa na majengo kila upande. Tone moja la mvua haliwezi kusogeza hata changarawe. Matone hayo yakikusanywa na mteremko na kubanwa katika njia nyembamba, husomba ukuta.

Hapo ndipo maana ya ndani inapoanza. Nguvu ya jambo linalokwenda kwa kasi huzaliwa na mambo matatu: wingi wa vinavyokwenda, mteremko unaovivuta, na njia inayovielekeza. Wingi mara nyingi hatuna mamlaka nao. Mteremko, yaani shida, njaa, tamaa, hofu au matumaini ya watu, huja na nyakati. Njia ndiyo iliyo karibu na mikono yetu. Methali inapotaja mkondo inatuelekeza macho kwenye kitu pekee kati ya vitatu ambacho binadamu anaweza kukichimba, kukipanua, kukiziba au kukisahau hadi kijae tope.

Kuna msemo wa Wachina ambao unafaa kuwekwa kando ya methali yetu. Kwa Kichina ni wa silabi nne tu: nguvu kama ya kupasua mwanzi. Husemwa juu ya timu inayoshinda mechi baada ya mechi, biashara inayopanuka bila kizuizi, au jeshi linalosonga mbele na kila mji kufungua malango.

Asili yake ni vita. Mwaka 280, majeshi ya dola ya Jin yalikuwa yamekwisha kuteka maeneo muhimu ya dola ya Wu kando ya mto Yangtze. Wapo waliotaka vita visimame kwa muda. Joto lilikuwa linaanza, maji yalikuwa yanapanda, na maradhi yangewapata askari. Bora wangoje majira ya baridi. Jenerali Du Yu wa Jin, ambaye pia alikuwa msomi mkubwa wa vitabu vya kale, alikataa. Alieleza kwamba hali yao ni ya mtu anayepasua mwanzi: pingili za kwanza ndizo ngumu, lakini zikishapasuka chache, zilizobaki huachana zenyewe mbele ya kisu. Jeshi likasonga, na mwaka huo huo mfalme wa Wu akasalimu amri.

Msemo huo unafundisha kitu ambacho methali yetu haikitaji waziwazi: kasi hulipiwa mwanzoni. Anayeona ushindi wa kumi ukija kwa wepesi haoni jasho la pingili mbili za kwanza. Nasi tunalo wazo hilo tunaposema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Lakini kuna tofauti ya mtazamo. Mwanzi unamtukuza mwenye kisu, na unamwambia asisite, apige wakati mambo yanamwendea. Methali ya maji haimtukuzi mtu yeyote. Inasimama mbali kidogo, inatazama mafuriko yanapopita, na inauliza yanapita wapi na kwa nini hapo. Historia ya dola ya Jin inaonyesha kwa nini swali hilo linahitajika. Jin iliyopasua mwanzi mwaka 280 iliingia katika ugomvi wa wana wa ukoo wa kifalme wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 316 utawala wake wa awali ulikuwa umeanguka. Kasi iliwafikisha kwenye ushindi, lakini haikuwaambia waufanyie nini. Pwani tuna methali kwa hali hiyo pia: maji yakijaa hupwa.

Kanda ya Ziwa ina mifano yake, na wa kwanza ni wa pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Usukuma walilima pamba kwa wingi, lakini mizani ilikuwa mikononi mwa wanunuzi. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa kila mahali, na kila mkulima aliyenung'unika peke yake alirudi nyumbani na hasara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza na jambo dogo: kuweka watu wao wa kupima pamba, ili uzito ujulikane kabla ya kufika kwa mnunuzi. Kutoka hapo vikaja vyama vya msingi vijijini, kikaja chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa ambacho Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu, Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Katika miaka michache ununuzi wa pamba kanda nzima ukawa mikononi mwa ushirika, na chama hicho kikahesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Bomani mwenyewe akaja kuwa waziri wa fedha wa nchi iliyokuwa imepata uhuru.

Anayesema kwamba wakulima wale "walifuata mkondo" atakuwa amesema kweli, mradi asisahau sehemu ya kwanza ya habari. Hasira ya wakulima ilikuwapo muda mrefu, na wingi wao ulikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuzikusanya hasira hizo ziwe kitu cha kudumu. Mpimaji aliyesimama kando ya mizani alikuwa jembe la kwanza, na chama cha kijiji kikawa mtaro. Pamba ilipoanza kupita humo haikuhitaji tena kusukumwa, kwa kuwa mkulima aliyesitasita mwaka wa kwanza aliona jirani yake analipwa vizuri, na msimu uliofuata alifika bila kuitwa. Hiyo ndiyo kasi njema, iliyochimbiwa njia na watu wanaojua wanakotaka ifike. Na kwa sababu mkondo ni kitu cha kutengenezwa, unaweza pia kuzibwa: mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 havikupata tena nguvu ile ya mwanzo. Imani ya watu ikishatafuta njia nyingine, haiitwi irudi kwa tangazo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kuusimulia, lakini bila huo ufafanuzi huu ungekuwa wa upande mmoja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha zimezagaa, na wizi wa ng'ombe ukageuka kuwa ujambazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama, wanavijiji walianza kujilinda wenyewe kwa upinde na mshale. Jirani akipiga yowe, kijiji kizima kilitoka. Wakaitwa Sungusungu, na jina lao likaenea kijiji kwa kijiji, wilaya kwa wilaya, katika Usukuma na Unyamwezi, kwa mwendo ambao hakuna ofisi ya serikali ingeweza kuuamrisha. Mahali pengi wizi ulipungua, wafugaji wakalala usingizi, na baadaye serikali ikawatambua kisheria.

Lakini kasi ile ile iliyokuwa ikiwasaka wezi ilianza kubeba vingine. Watu walituhumiwa uchawi, wakafukuzwa vijijini, wengine wakauawa. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wazee, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na wekundu huo ukahesabiwa kuwa ushahidi. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba kikundi cha kulinda ng'ombe kiwe cha kuhukumu bibi za watu. Ilitosha kwamba umati ulikuwa umezoea kutoka pamoja, kuamini pamoja na kuadhibu pamoja, bila mahali pa mtuhumiwa kujitetea. Chuki ya zamani dhidi ya wazee hao ilikuta mkondo uko tayari, ikaingia.

Hili ndilo onyo kubwa la methali. Maji hayachagui. Mkondo uliochimbwa kumwagilia shamba hupitisha pia maji machafu ikiwa hakuna lango. Kwa hiyo, mtu anayeanzisha jambo lenye nguvu, liwe ni harakati, chama, kikundi cha vijana au mradi, asijipongeze kwa wingi wa wanaomfuata tu. Ajiulize ni wapi ameweka lango: nani ana haki ya kusema hapana, mtuhumiwa atasikilizwa wapi, na umati ukikosea utarudishwa na nani. Kasi isiyo na lango huwatia hatiani hata walioianzisha kwa nia njema.

Ziwa lenyewe lina mfano wa tatu. Sangara walipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa miaka mingi hawakuonekana kuwa tishio. Kisha, katika miaka ya 1980, waliongezeka ghafla. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 waliona aina moja baada ya nyingine ikitoweka kwenye nyavu zao. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, ajira zikaja, fedha za kigeni zikaja, na kwa wengi wa hapa yaliyobaki ni mapanki, vichwa na mifupa baada ya minofu kusafiri. Furu waliweza kuanikwa juani. Sangara, kwa mafuta yake, alihitaji kukaangwa au kubanikwa, na kuni za kumbanikia zikatoka kwenye miti ya vilima na visiwa. Uamuzi uliofanywa na watu wachache kwa nia ya kuongeza samaki ulifungua njia ambayo haikuweza kufungwa tena. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa usemi huo unapata uzito wa kutisha kidogo: kuna mambo ambayo muda wake wa kukunjika ni mfupi sana, na hupita kabla hatujajua kwamba umepita.

Je, basi, methali hii inafundisha kukata tamaa? Wapo wanaoitumia hivyo. Mtumishi aliyepokea rushwa huitamka kujitetea: ofisi nzima inapokea, naye, kama maji, amefuata mkondo. Jirani anayemwona mtoto aliyeachwa mtaani huitamka kama hukumu: mtoto wa fulani angekuwaje tofauti? Huko ni kuipindua methali. Binadamu ana mguu wa kusimama na akili ya kuona njia inaelekea wapi. Akijiita maji, amejivua utu ili asihukumiwe. Wahenga waliosema maji hufuata mkondo ndio hao hao waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walijua kwamba ufa huzibika, na kwamba muda wa kuuziba ni sasa.

Ushahidi kwamba mkondo hubadilishwa upo. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, Wachagga wamechimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kwa vizazi vingi, wakayapeleka maji kwenye migomba yao kwa zamu na kwa sheria walizokubaliana. Maji ya mlimani yanafuata mkondo, kama methali isemavyo, na mkondo unafuata mkutano wa wanaukoo. Katika Ziwa Victoria, magugu maji yalipofunika ghuba na bandari katika miaka ya 1990, mitumbwi ilishindwa kutoka na mitego ikaoza. Pamoja na kung'oa kwa mikono, nchi za ziwa zilifuga na kuachia mbawakavu wadogo wanaokula mmea huo. Mwanzoni hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa mbawakavu walikuwa wachache na magugu yalikuwa mengi. Waliachwa wazaliane, na kufikia mwisho wa muongo ule, wakisaidiwa na hali ya hewa, magugu yalikuwa yamepungua sana. Pingili ya kwanza ya mwanzi nayo huonekana hivyo: kazi nyingi, matokeo machache, na mtazamaji asiye na subira huondoka akisema haiwezekani.

Kwa hiyo, katika matumizi, methali hii inafaa mahali patatu. Inafaa kwa kueleza, pale mtu anapotaka kujua kwa nini watu wema wanafanya jambo baya wakiwa pamoja, au watu wa kawaida wanafanya jambo kubwa. Inafaa kwa kuonya, mambo yakiwa bado machanga: kwa kijana anayeanza kucheza kamari kwa senti ndogo, kwa halmashauri inayoruhusu nyumba ya kwanza kujengwa kingoni mwa mto, kwa kiongozi anayezoea kushangiliwa. Na inafaa kwa kutia moyo, kwa yule anayechimba peke yake bila kuonekana, kwamba kazi yake ikipata kina, wengine watapita humo bila kusukumwa. Haifai kwa kujitetea. Aliyekwisha kutenda hana haki ya kujificha nyuma yake.

Maadili yake, tukiyakusanya, yanamtaka kila mtu apime jambo kabla halijashika kasi, kwa sababu baada ya hapo hiari hupungua na gharama huongezeka. Mtaro husafishwa kiangazi, wakati hakuna anayeuona umuhimu wake. Sheria ya kikundi hutungwa kabla ya ugomvi wa kwanza. Tabia ya mtoto hulelewa kabla hajapata wenzake wa kumvuta. Kazi hizo hazina sifa. Hakuna anayempigia makofi mtu kwa mafuriko ambayo hayakutokea, wala kwa bibi aliyezeeka kwa amani kijijini kwake. Lakini jamii yenye busara inajua kuwatambua watu wa namna hiyo, na kuwapa nafasi ya mbele katika mashauri yake, kuliko wale wanaofika wakati mambo yanakwenda yenyewe na kudai kwamba wao ndio wanaoyasukuma.

Na mzigo hauko sawa kwa wote. Anayesombwa hana lawama sawa na aliyeziba mto. Mama wa Mabatini anayetoa maji ndani ya nyumba kwa ndoo asiambiwe kwamba maji hufuata mkondo, kana kwamba jibu la shida yake ni kuyazoea. Methali hiyo apelekewe mwenye ramani ya mji, mwenye kalamu ya kibali, mwenye gari la taka, na sisi wengine tunaotupa mfuko mtaroni tukipita. Sisi ndio tunaochimba, kwa tunayoyafanya na kwa tunayoyaacha, na yatakayopita baadaye katika njia hizo, mema na mabaya, yatakuwa na alama za mikono yetu.